Kibubu Kinachojazwa na Maharage

Kaya ninayoichambua hapa ipo Tabata, Dar es Salaam. Ina watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu wa shule ya msingi. Baba anaendesha bodaboda ya mtu. Kila jioni anatoa kwanza hesabu ya mwenye pikipiki, anatenga fedha ya mafuta, na kinachobaki ndicho kinachofika nyumbani. Kwa kawaida mama anaachiwa shilingi 12,000 za matumizi ya jikoni kwa siku. Hata hivyo nyumba hii inakula kwa ratiba ya wiki nzima, na kila Jumamosi inanunua angalau kitu kimoja kwa wingi. Nimeifuatilia kwa karibu kwa sababu ushauri mwingi kuhusu bajeti ya chakula humwendea mtu aliyeshika mshahara wa mwezi mkononi, wakati familia nyingi za mjini zinaishi kwa fedha ya leo.

Fedha ya leo ina adhabu yake, nayo iko kwenye kupima. Tuseme lita ya mafuta ya kula inauzwa shilingi 6,000, na kipimo cha shilingi 500 kinatoa mililita 65. Ukinunua vipimo 15 umelipa shilingi 7,500, na mafuta uliyopata hayajatimia hata lita moja. Mchele, sukari, unga na mkaa vina hesabu ya namna hiyo hiyo. Anayenunua kidogo kidogo analipa bei ya juu kuliko anayenunua kwa jumla, na mara nyingi huyo anayelipa zaidi ndiye mwenye kipato kidogo. Kumwambia anunue kwa jumla hakumsaidii kama hatuoneshi fedha ya jumla itatoka wapi.

Katika nyumba hii inatoka Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku hizo tatu zimepangiwa kwa makusudi vyakula ambavyo tayari viko ndani: maharage yaliyokwisha kuchemshwa, unga, dagaa wakavu, mahindi yaliyokobolewa. Kinachonunuliwa ni mboga za majani, nyanya, kitunguu, mkaa kidogo na cha kunywea chai asubuhi. Matumizi yanashuka hadi kama shilingi 7,000 kwa siku, na shilingi 5,000 zinazobaki zinaingia kwenye kibubu siku hiyo hiyo, kabla ya jioni. Kwa siku tatu kibubu kina shilingi 15,000. Jumamosi fedha hiyo inaungana na posho ya siku, mama anakwenda Buguruni asubuhi na mapema. Unga wa wiki na maharage vinanunuliwa kila mara. Baada ya hapo kuna kitu cha zamu: wiki hii mchele kilo tano, wiki ijayo mafuta, inayofuata dagaa na choroko. Mchele wa kilo tano unavuka wiki mbili kwa sababu wali hupikwa mara mbili tu kwa wiki.

Mtu anaweza kuangalia ratiba hiyo akaona ni orodha ya mapishi ya kawaida. Mimi naona kazi yote imefanywa na mpangilio wa siku. Wangeanza wiki kwa samaki na nyama, ifikapo Alhamisi wangekuwa wanapima mafuta dukani kama zamani. Siku za gharama ndogo zinatangulia, zinajaza kibubu, ndipo siku za gharama kubwa zinafuata.

Msingi wa mpango huu ni sufuria moja ya Jumapili. Kilo moja na nusu ya maharage inachambuliwa Jumamosi jioni, inaoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yale yanamwagwa, yanawekwa mengine, na sufuria inapanda kwenye jiko la mkaa. Kuloweka kunapunguza sana muda wa kuchemsha, na kwa chakula kinachokaa motoni muda mrefu namna hii, moto ni gharama kubwa ya kuhesabiwa kama ilivyo bei ya maharage yenyewe. Nyanya, ndimu au ukwaju haviingii mapema, maana uchachu unayafanya maharage yakawie kuiva. Magadi nayo mama huyu hayatumii. Yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini za kundi B, na kwa nyumba inayotegemea maharage hasara hiyo si ndogo.

Yakiiva yanagawanywa mara tatu yakiwa chukuchuku, bila kuungwa. Fungu la kwanza linaungwa kwa nazi siku hiyo hiyo. Vitunguu na nyanya vinapikwa na tui jepesi pamoja na maharage, na tui zito linaingia mwishoni huku mwiko ukizunguka mpaka lichemke, lisije likakatika. Wali wa Jumapili unapikwa kwa makaa yaliyobaki. Moto wa kuchemshia maharage ukishapoa kidogo ndio unaofaa kukaushia wali, na makaa machache yanapaliwa juu ya mfuniko. Fungu la pili ni la makande ya Jumanne, na la tatu linakaangwa Jumatano kwa ugali na kabichi. Mafungu hayo mawili yanakaa kwenye friji ndogo, la Jumatano likiwa sehemu ya kugandisha.

Asiye na friji asiige sehemu hii. Joto la Dar es Salaam linaharibu maharage yaliyopikwa ndani ya muda mfupi, na kuyachemsha tena hakuondoi kila aina ya sumu ambayo vijidudu vimekwisha kuiacha. Afadhali achemshe mara mbili kwa wiki, kidogo kidogo, na ale siku hiyo na kesho yake asubuhi baada ya kuyachemsha vizuri. Siku ya katikati atumie choroko, ambazo hazihitaji kulowekwa na zinaiva haraka.

Kuhusu moto kuna jambo nataka kulisema kwa uzito. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Katika nyumba hii mtungi wa gesi wa kilo 6 upo, lakini ni wa chai, uji na kukaanga. Maharage hayapandishwi kwenye gesi kwa kuogopa kuimaliza. Hofu hiyo ina msingi kwa anayepika maharage makavu kila siku. Kwa anayeloweka na kuchemsha mara moja kwa wiki, hesabu inabadilika, na kwa mwenye sufuria ya presha inabadilika zaidi. Wanaohamasisha gesi na umeme wangefanya vyema kuanza kampeni zao na sufuria ya maharage, kwa sababu ndiyo inayoshikilia mkaa majumbani.

Jumatatu ni ugali, matembele na dagaa. Dagaa wanaonunuliwa ni wa Mwanza, walio nafuu kuliko wa Kigoma, lakini wengi wao wameanikwa ufukweni na wanakuja na mchanga. Hapo ndipo watu wengi wanapochukia dagaa, na kosa liko kwenye kuosha. Ukimimina maji pamoja na dagaa, mchanga unarudi nao. Mama huyu anawatoa vichwa, anawamwagia maji ya moto, anawakoroga, kisha anawachota kwa mikono kuwahamishia beseni jingine na kuuacha mchanga ukiwa umetuama chini. Anarudia mpaka maji yabaki safi. Baadaye anawakaanga wakauke ndipo waingie nyanya na ndimu. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa analiwa na miba yake, watoto wanapata kalisi pia.

Ugali na maharage unadharauliwa kama chakula cha bweni, na dharau hiyo haina haki. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, na maharage yanayo kwa wingi, hivyo vikiliwa pamoja kimoja kinakamilisha kingine. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C inasaidia. Ndiyo sababu kila mlo wa maharage hapa una kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu, na chai imehamishiwa asubuhi pamoja na viazi vitamu au mihogo, kwa sababu chai ikinywewa na mlo inazuia chuma hicho. Unga ni dona. Kiini cha mahindi kimebaki ndani, na kiini kina mafuta yanayochacha, kwa hiyo unga unanunuliwa wa wiki moja tu hata kama fedha ya zaidi ipo.

Alhamisi ni ndizi mbichi na nusu kilo ya nyama. Nyama inachemshwa kwanza, ndizi zinaivia kwenye supu yake, na kila sahani inapata ladha hata kama vipande ni viwili. Ijumaa ni wali na vibua. Jumamosi, baada ya pilika za sokoni, ni ugali na choroko. Mchana wa siku za kawaida bibi na mama wanakula kiporo cha jana kilichopashwa moto vizuri. Wali haulazwi mezani, unaingia kwenye friji mapema, kwa sababu wali uliolala kwenye joto unaweza kuwa na sumu isiyotoka kwa kupashwa.

Mpango huu unajaribiwa mvua zinaponyesha na abiria wakapungua. Baba anarudi na shilingi 6,000, siku nyingine hana kitu baada ya hesabu. Nyumba imejiwekea utaratibu wa kukata: vibua vya Ijumaa vinatoka kwanza na dagaa wa kwenye kopo wanashika nafasi, kisha nyama ya Alhamisi inatoka na ndizi zinaungwa kwa nazi. Kitu cha zamu kinasogezwa wiki moja mbele. Unga na maharage havikatwi, na kibubu hakifunguliwi kabla ya Jumamosi isipokuwa kwa ugonjwa.

Mwenye kutaka kuanza leo, akiwa na fedha ya siku na kabati tupu, asijaribu kununua vyote. Anunue kilo moja ya maharage, ayaloweke, na fedha iliyobaki siku ya pili aitenge kabla haijaona genge.