Presha Haipimwi kwa Haraka

Gari la huduma ya mkoba likishaegeshwa chini ya mwembe, katika kijiji kimoja wilayani Muheza, muuguzi haanzi na sanduku la dawa. Anatafuta kiti chenye egemeo, kisha meza yenye kimo cha kuuweka mkono wa mgonjwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, presha husomeka juu kuliko ilivyo.

Waliofika kwa miguu wanapumzishwa walau dakika 5. Aliyebanwa na mkojo anaelekezwa chooni, maana hilo nalo hupandisha presha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Egemea kiti. Miguu yote chini, usikunje nne. Tukimaliza kupima ndipo utanipa habari za nyumbani."

Anapandisha mkono wa gauni, kwa kuwa mkanda haufungwi juu ya nguo. Anautazama mkono wenyewe, anaurudisha mkanda wa kawaida na kuchukua mpana: mwembamba kwenye mkono mnene hudanganya. Anaufunga vidole viwili juu ya kikunjo cha kiwiko, kisha anapenyeza vidole ndani kuona kama haukubana. Mashine inasoma 152/94. Anaandika, anasubiri dakika 1, anarudia: 138/86. Foleni inaguna. Yeye anasubiri tena na kupima mara ya tatu: 136/84. Ile ya kwanza anaiacha, anachukua wastani wa hizi mbili.

Inafuata sukari. Bibi alikuwa akimmenyea mjukuu chungwa, kwa hiyo ananawa kwa sabuni na kujikausha. Majimaji ya tunda kidoleni yangesomwa kama sukari ya damu. Kisindano kinachoma ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha, ambako maumivu ni makali zaidi. Tone linaguswa na stripu bila kukamuliwa kwa nguvu. Kisindano kinakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama.

Kisukari huweza kuitia miguu ganzi, kwa hiyo miguuni ndiko anakokaa zaidi. Anachuchumaa, anatenganisha vidole kimoja kimoja akitafuta nyufa na vidonda. Kisha anatoa uzi wa nailoni wenye mpini, unaojipinda mkandamizo ukifika gramu 10. Bibi anafumba macho. Muuguzi anagusa nyayo hapa na pale bila mpangilio, wala haulizi "umesikia?", asije akamtilia jibu mdomoni. Bibi anasema "hapo" kila aguswapo, isipokuwa kidole gumba cha kushoto. Muuguzi anagusa kwingine, anarudi palepale. Bibi hajibu. Basi anamweleza: kokoto ikiingia kwenye kiatu, kidole hicho hakitamwambia, kwa hiyo mjukuu amkagulie kila jioni.

Mwisho anahesabu vidonge vilivyobaki. Vinalingana na siku zilizopita, dozi haibadilishwi. Angeishia kwenye kipimo cha kwanza, huenda bibi angeondoka na kidonge cha ziada cha kumeza kila siku, pamoja na kizunguzungu chake, hadi gari lirudi mwezi ujao.