"Bluetooth 5.0" kwenye boksi la sabufa: ahadi ipi ni ya kweli?

Ukiingia duka la vifaa vya umeme siku hizi, iwe Chunya mjini, Makongolosi au Mbeya, utaonyeshwa sabufa yenye Bluetooth. Boksi limeandikwa "5.0" kwa herufi kubwa, na muuzaji anakuambia namba ikipanda, muziki nao unakuwa safi zaidi. Kwamba unaweza kukaa na kompyuta mpakato yako kwenye kochi na kupiga wimbo bila waya, hilo ni kweli na ni raha. Tatizo letu ni hiyo namba.

Toleo la 5.0 lilitoka mwaka 2016. Maboresho yake makubwa, yaani umbali na kasi, yalilenga upande wa Bluetooth unaotumia umeme kidogo, ule wa saa za mkononi na vifaa vidogo vya kupimia. Muziki wa kwenda sabufa kwa kawaida bado unapita njia ya zamani, na kanuni ya kubana sauti ambayo kila kifaa cha njia hiyo lazima kiijue ni ileile: SBC. Kwa hiyo ukilipa zaidi kwa sababu ya 5.0 peke yake, umelipia namba.

Tupige hesabu kidogo. Sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, mara chaneli mbili: jumla kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. SBC kwa ubora wake wa juu uliozoeleka hupeleka kama 328. Kinachotupwa huchaguliwa kwa makini ili sikio lisigundue, na mara nyingi haligundui. Lakini nyimbo nyingi tulizonazo ni MP3 za kilobiti 128, tayari zimeshabanwa mara moja. Kompyuta inazifungua, halafu inazibana tena kwa SBC. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi. Ukiwa na wimbo wa zamani wa Mbaraka Mwinshehe uliopita mikono kibao, usiilaumu Bluetooth peke yake: faili lenyewe lilikuja limechoka.

Kuna na kuchelewa. Kubana, kurusha na kufungua huchukua muda, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa muziki hakuna shida. Kwenye filamu, mdomo unatangulia sauti.

Basi waya ndio mshindi? Siyo haraka hivyo. Nyumba nyingi hazina ethi nzuri, na ukichomeka chaja ya kompyuta wakati waya wa sauti umeunganishwa, unaweza kusikia muungurumo kwenye spika. Umeme mdogo wa chaja unapata njia kupitia waya huo. Ukichomoa chaja na muungurumo ukakoma, umempata mchawi. Hapo Bluetooth inashinda kihalali, maana haina shaba ya kuupitisha.

Nayo ina adui wake. Inatumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi nyingi. Hukwepa msongamano kwa kurukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde, lakini haiwezi kukwepa maji. Mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo sebule ikijaa wageni kati ya kompyuta na sabufa, muziki unaweza kukatika. Mlango wa chuma nao ni kizuizi.

Hukumu yetu: Bluetooth kwenye sabufa ni kitu kizuri kinachouzwa kwa hoja mbaya. Dukani, usiulize namba ya toleo. Uliza kama kuna tundu la kuingiza waya, kisha piga wimbo mmoja unaoujua vizuri kwa njia zote mbili. Hakikisha sauti iko kiwango kilekile, kwa sababu sikio letu hudhani chenye kelele zaidi ndicho bora. Usiposikia tofauti, nunua ya bei nafuu na ufurahie muziki wako.