'Wakati' si tafsiri faafu ya 'while' katika usimbaji

TAASISI ya Ukuzaji Mitaala Nchini (KICD) iliidhinisha mtaala wa usimbaji mwaka 2022. Tangu hapo istilahi za kompyuta si mali ya wataalamu pekee. Tulikwisha kubishana kuhusu 'tarakilishi' na 'kompyuta'. Leo nina hoja kuhusu neno dogo zaidi: 'while', amri ya lugha ya Python inayorudia kazi kwa kutegemea sharti.

Baadhi ya wakufunzi niliowasikia mitaani Eastlands hulifasiri kwa 'wakati'. Wengine husema 'hadi'. Naona yote mawili yanampoteza mwanafunzi.

Tuchukue matatu ya viti 33 pale steji ya Umoja. Makanga anaagizwa: abiria wakiwa chini ya 33, ingiza mmoja, ongeza hesabu kwa moja, kisha ita, "Umoja!" Kompyuta hukagua sharti mwanzoni mwa kila mzunguko tu. Kwa hivyo, abiria wa 33 akishahesabiwa, makanga bado ataita mara moja kabla ya kunyamaza. Gari likiwa limejaa tangu awali, haiti kabisa. Asipoongeza hesabu, ataita milele.

'Wakati' hudokeza kipindi kinachoendelea, hivyo mwanafunzi hudhani makanga atanyamaza papo hapo gari linapojaa. Kosa hili si letu peke yetu. Jeffrey Bonar na Elliot Soloway walilieleza nchini Marekani mwaka 1985, wakalihusisha na maana ya kila siku ya neno lenyewe la Kiingereza.

'Hadi' nalo hugeuza sharti. Anayewaza "hadi wafike 33" huandika kwamba abiria wawe sawa na 33. Gari tupu halitimizi sharti hilo, basi kazi haianzi.

Je, 'maadamu'? Asili yake ya Kiarabu ingefaa, ila wengi wetu hulitumia kwa maana ya 'kwa kuwa': "Maadamu umefika, keti." Hiyo ni sababu, si sharti.

Napendekeza 'ilmradi', mwalimu akisisitiza kwamba sharti hukaguliwa mwanzoni mwa mzunguko. Wala asione haya kuanzia kwa 'bora', jinsi vijana wa Kayole wasemavyo: "Bora kuna kiti, wewe ita tu." Mtahini wa Kiswahili atalikata kwa kalamu nyekundu, lakini sharti limo ndani yake.

Mtoto akikwama hapa, ataambiwa kompyuta imemshinda. Kumbe kilichomshinda ni tafsiri yetu.