Chungu Kilichozibwa kwa Unga

Chakula, mfano wa shairi, kina asili yake, na asili haifutwi na bei. Nausema huo kwa ajili ya Dum Pukht, mkahawa uliomo katika hoteli ya kifahari ya ITC Maurya, New Delhi. Huko nyama hutiwa chunguni pamoja na viungo, mdomo wa chungu ukazibwa kwa unga uliokandwa, kisha moto mdogo ukaachiwa kazi.

Husimuliwa kuwa upishi huu ulipata sifa Lucknow mwaka 1784, wakati wa njaa, Nawab Asaf-ud-Daula alipowaajiri watu kulijenga Bara Imambara ili wapate riziki. Vyungu vilikaa motoni usiku na mchana, ili mwenye njaa ajapo akute chakula.

Leo alaye ni mwenye fedha. Je, ni dhuluma? Sithubutu kusema hivyo. Imtiaz Qureshi, mpishi aliyeupatia upishi huo heshima hotelini, alitunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2016, akafariki mwaka 2024. Mkono wa mwiko ulienziwa kama mkono wa kalamu, na hilo ni jema.

Ninachohofia ni njaa ya watu kugeuzwa kiungo cha kunogesha mlo. Sisi wa pwani, tupaliao makaa juu ya kifuniko cha pilau, twaijua subira ile. Lakini chungu cha shughuli kikifunuliwa, jirani naye hupelekewa sahani. Huo ndio ubeti wa mwisho, na fedha haiutungi.