Mwanya Juu ya Mtutu

Bunduki ya kushindilia isiyo na mifuo ndani ya mtutu imesemwa vibaya kwa muda mrefu. Risasi yake ya mviringo hairushwi ikizunguka, tundu inamopita ni pana kuliko risasi yenyewe, na moshi wa baruti humfunika mpigaji kabla hajajua kama amepata au amekosa. Kwa sababu hiyo wengi huona kuiwekea kilengeo cha nyuma ni kujisumbua bure: kitu kisichojua kiendako kitalengwaje? Kila nikiitafakari hoja hiyo naona inamwonea fundi.

Hoja hiyo imetokana na bunduki za majeshi. Brown Bess, silaha ya askari wa Uingereza kwa zaidi ya karne moja, ilikuwa na tundu la karibu milimita 19 na risasi ya milimita 17 na nusu hivi. Nafasi hiyo iliachwa makusudi, ili askari ashindilie upesi hata masizi ya baruti yakiwa yameganda ndani. Kilengeo cha nyuma haikuwa nacho, na kile kijichuma cha karibu na mdomo wa mtutu kilikuwa pia cha kushikia singe. Mwaka 1814 Kanali George Hanger aliandika kwamba bunduki ya namna hiyo, isipokuwa imetobolewa vibaya mno, itampata mtu kwa yadi 80, pengine hata 100, lakini atakayejeruhiwa kwa yadi 150 atakuwa na bahati mbaya kupita kiasi. Hanger alikuwa akiizungumzia silaha iliyofyatuliwa na safu nzima kwa amri moja. Waliomkariri wakaigeuza kauli yake kuwa hukumu ya kila mtutu usio na mifuo.

Tuliache jeshi, tulitazame jicho. Pasipo kilengeo cha nyuma, jicho lenyewe ndilo kilengeo cha nyuma. Shavu likikaa juu kidogo ya kitako, risasi hupanda. Likikandamizwa zaidi, hushuka. Ikiwa kutoka jichoni hadi kilengeo cha mbele ni mita moja, jicho likihama milimita 2 tu, risasi itahama sentimita 10 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 50. Kwa mnyama mdogo, hizo ndizo sentimita zinazotenganisha kifo cha papo hapo na jeraha la kwenda kufia porini. Na hapo mtutu haujakosea hata chembe.

Wajapani walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1543 Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima wakiwa na bunduki za mrao. Bwana wa kisiwa, Tanegashima Tokitaka, alinunua mbili, na mhunzi Yaita Kinbei akapewa kazi ya kuziigiza. Haikuchukua muda mrefu kabla wahunzi wa Kunitomo na Sakai hawajawa wakizitengeneza kwa maelfu. Mitutu yao haikuwa na mifuo ndani, lakini juu yake walipachika kilengeo cha mbele na cha nyuma, vyote vikiwa vimechongwa kwa uangalifu ule ule waliouweka katika kazi nyingine za chuma. Sababu mimi naiona kwenye kitako. Bunduki ya Kijapani haiegemei begani. Ina kipande kifupi cha mti kinachogusa shavu, na uzito wote uko mikononi. Mahali ambapo bega halipo, jicho linahitaji mashahidi wawili. Miswada ya shule ya upigaji ya Inatomi, ya mwanzoni mwa karne ya 17, inawachora wapigaji wakiwa karibu uchi, wamepiga goti au wameketi, ili mwanafunzi auone mwili unavyoshika silaha.

Gobore tulijualo huku kwetu lilikuja kwa njia nyingine. Karne ya 19 bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya zilipitia Zanzibar kwa maelfu kwenda bara, na nyingi hazikuwa na kitu juu ya mtutu ila kile kijichuma cha mbele. Mwindaji aliyejifunzia silaha hiyo alilazimika kumsogelea mnyama mpaka kosa la jicho lisiwe na nafasi ya kukua, na ustadi huo wa kunyatia nauheshimu mno.

Kukitia kilengeo cha nyuma ni kazi ya tupa na subira. Fundi hupiga mstari wa katikati ya mtutu, kisha hukata mfereji unaoupita kwa upana, mdomo wake mwembamba kuliko sakafu yake. Hutumia tupa ya pembe tatu iliyosagwa upande mmoja ukawa laini, ili meno yale kuta za pembeni na sakafu isalimike. Mguu wa kilengeo hutiwa tupa mpaka uingie kwa kugongwa taratibu kwa kipande cha shaba: ukiingia kwa kidole umelegea, na kilengeo kilicholegea ni heri kisiwepo. Hakiwekwi karibu sana na jicho, maana mwanya wake utaonekana kama ukungu. Macho ya uzeeni hutaka kisogezwe mbele zaidi.

Kisha unaanza upigaji. Kilengeo cha mbele huachwa kirefu makusudi, risasi za kwanza zitue chini, halafu fundi hukipunguza kidogo kidogo na risasi zikapanda. Zikienda kushoto, kilengeo cha nyuma hugongwa kuelekea kulia. Chuma kilicholiwa na tupa hakirudi, kwa hiyo mwenye haraka hafai kazi hii. Na yote hufanywa kwa kipimo kimoja cha baruti, risasi za ukubwa mmoja na kitambaa cha unene mmoja kilichopakwa mafuta. Ukibadilisha kimoja, mwanya ule hausemi kweli tena.

Kwa ndege anayeruka, kilengeo cha nyuma sikitetei. Mpigaji wa marisau humtazama ndege, na kilengeo cha nyuma kingemwibia jicho; mafundi wa bunduki za ndege walifanya vema kukiacha. Pennsylvania, katika karne ya 18, walikuwapo mafundi waliotengeneza bunduki yenye umbo la raifo na kilengeo chake cha nyuma, lakini ndani haina mifuo, ili leo ipige risasi moja na kesho marisau. Naona ni suluhisho la watu waliowasikiliza wateja wao.

Katika mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na MLAIC, shirika la wapiga bunduki za kushindilia, limo moja linaloitwa Tanegashima: bunduki za mrao, mita 50, mpigaji amesimama, risasi 13 kwa dakika 30, na zinazohesabiwa ni 10 bora. Mwenye bunduki ya asili hathubutu kuitia tupa. Hubadilisha baruti, hujaribu risasi ya ukubwa mwingine, huongeza au hupunguza unene wa kitambaa, mpaka risasi ianze kutua pale ambapo mhunzi, karne kadhaa zilizopita, alikusudia itue alipokuwa akiuchonga mwanya ule.