Ladha ya Kwao Ugenini: Uhakiki wa Hadithi ya Soseji ya Uwe Timm

Kuna njaa isiyotulizwa na shibe. Mtu aliye ugenini hula akashiba, akanawa mikono, na bado moyo wake ukaulizia kitu ambacho hakikuwamo katika sahani. Mwingereza aliyehamia Nairobi huzunguka madukani akitafuta soseji iliyo sawa na ile ya kwao. Mzanzibari aliyehamia Maskati hufurahi asikiapo kwamba mtaa fulani yuko anayepika mandazi ya iliki. Mkongo aliyeko Brussels huuliza ni wapi panapouzwa sombe. Mara nyingi wenyeji huwacheka watu hawa. Huwaona kuwa wamekuja na miili yao, lakini matumbo yao wameyaacha nyumbani.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama njaa hiyo kwa macho ya mhakiki. Tumechagua kitabu kimoja kidogo cha Uwe Timm, mwandishi wa Kijerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1940. Kitabu hicho, Die Entdeckung der Currywurst, kilitolewa mwaka 1993, kikafasiriwa kwa Kiingereza, na mwaka 2008 kikatengenezewa filamu. Jina lake twaweza kulifasiri kuwa Ugunduzi wa Soseji ya Bizari. Huenda walimu wenzetu wakauliza: soseji ina nini hata ihakikiwe? Na msomaji Mwislamu atatukumbusha kwamba soseji ya Wajerumani aghalabu ni ya nguruwe. Jibu letu ni kwamba hatukualikwa kula, tumealikwa kusoma. Na yale yanayosemwa na kitabu hiki juu ya soseji ni kweli vilevile juu ya pilau, matoke na ugali wa muhogo.

Yafaa kwanza tukieleze chakula chenyewe. Soseji hukaangwa, ikakatwa vipande, ikamwagiwa sosi ya nyanya iliyotiwa bizari ya mchuzi, kisha ikaliwa kwa kusimama mbele ya kibanda barabarani. Si chakula cha karamu. Huliwa na mfanyakazi aliyetoka zamu, na karani, na mlevi anayerudi kwake usiku. Watu wa Berlin husema kwamba aliyeibuni ni Herta Heuwer, tarehe 4 Septemba 1949, na mahali palipokuwa na kibanda chake pamewekwa bamba la ukumbusho. Msimulizi wa Timm hakubali. Yeye alikulia Hamburg na sasa anaishi Munich, na anashikilia kwamba soseji hiyo aliionja utotoni kwa mama mmoja aitwaye Lena Brücker, aliyekuwa na kibanda katika uwanja wa Großneumarkt. Kila arudipo mji wa kwao huenda kula pale. Kibanda kinapotoweka anamtafuta mama huyo, akamkuta katika nyumba ya wazee, amekuwa kipofu, anafuma sweta. Anamwomba amweleze jinsi soseji hiyo ilivyogunduliwa. Bi Brücker hana haraka. Anasimulia alasiri baada ya alasiri, vidole vyake vikifuma, na kila mara msimulizi anapotaka kuisikia habari ya bizari, yeye anairudia habari ya vita.

Kisa kinaanza mwezi wa Aprili 1945. Lena, mwanamke wa makamo aliyeachwa na mumewe, anakutana na kijana wa jeshi la majini, Hermann Bremer. Analala kwake, na asubuhi kijana harudi kikosini. Sasa ni mtoro wa jeshi, na adhabu ya mtoro ni kifo. Lena anamficha ghorofani. Chakula ni haba, kwa hiyo anampikia supu ya kaa isiyo na kaa, na kahawa isiyo na buni. Tarehe 3 Mei Waingereza wanaingia Hamburg, na vita vinakwisha mjini humo. Lena hamwambii. Amekwisha kuiona picha ya mke na mtoto wa Bremer, na anajua kwamba siku atakayoijua amani ndiyo siku atakayoondoka. Basi vita vinaendelea ndani ya nyumba moja tu, kwa uongo wa mwanamke mmoja. Katika muda huo Bremer anagundua kwamba ulimi wake haupati ladha yoyote, wala chumvi wala sukari.

Hatimaye Bremer anaondoka. Lena anaamua kufungua kibanda, na kwa kuwa fedha hazina thamani anabadilishana mali kwa mali, kitu hiki kwa kile, mpaka mwisho wa biashara hiyo anajikuta na chupa za sosi ya nyanya na bizari ambayo hajui aifanyie nini. Akipanda ngazi gizani anajikwaa. Chupa zinavunjika, bizari inamwagika ndani ya sosi. Anataka kuitupa, lakini analamba vidole vyake, na hapo ndipo ugunduzi unapotokea. Baadaye Bremer anapita kibandani, anakula soseji hiyo, na ladha inarudi ulimini mwake.

Dhamira kuu ya kitabu, kwa maoni yetu, ni kwamba chakula cha kwao anachokitamani mtu si kile kilicho bora, wala si kile kilicho safi kwa asili yake. Ni kile kilichofungamana na saa fulani ya maisha na mkono fulani uliokipika. Msimulizi anaishi Munich, mji usiokosa soseji, nazo husifiwa sana. Hazimtoshi. Akitaka ile ya Großneumarkt ni kwa sababu ndani yake mna utoto wake, mtaa alioishi shangazi yake, na mji uliokuwa magofu. Hapa Timm ameitendea haki njaa ya mgeni kuliko wale wanaoicheka, na amefanya hivyo bila kuipamba: soseji yake inabaki kuwa soseji ya barabarani, yenye mafuta, iliyozaliwa kwa ajali katika ngazi chafu.

Lakini liko jambo la pili, ambalo mwandishi amelionyesha nusu tu. Chakula hicho ambacho Mjerumani hukiita cha kwao kimeundwa na vya watu wengine. Nyanya asili yake ni Marekani. Bizari ni ya India, na haikufika Hamburg kutoka India moja kwa moja. Ilipitia kwa Waingereza. Waingereza nao waliipataje? Wengi wao waliokwisha kukaa India walirudi kwao na ulimi uliozoea mambo mengine, wakajikuta wageni katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1810 Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua jijini London nyumba ya kulia chakula karibu na Portman Square, akiwakusudia hasa mabwana wa aina hiyo, ili wale mchuzi na kuvuta hoka kama walivyozoea. Kumbe ndani ya soseji ya Mjerumani aliye mbali na Hamburg imo hamu nyingine iliyotangulia, ya Mwingereza aliye mbali na India, nchi ambayo haikuwa yake.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna haja ya kulistaajabia jambo hili, maana lugha yetu imelitunza wazi. Neno bizari limetujia kwa njia ya Kiarabu. Chapati na biriani twavila kama vyetu, na ni vyetu, ingawa majina yake yanatuonyesha vilikotoka. Nafaka ambayo mamilioni ya watu wetu huitegemea tunaiita mahindi, jina linaloonyesha kwamba waliotutangulia waliiona kuwa ya wageni, na kwa kweli ilitoka Marekani. Mwanafunzi wetu aendaye kusoma Ulaya akalilia ugali wa mahindi, analilia kitu ambacho babu wa babu zake walikipokea kutoka kwa wageni. Je, kwa sababu hiyo machozi yake ni ya uongo? Hasha. Kitu hakihitaji kuwa cha asili ili kiwe cha nyumbani. Huwa cha nyumbani kwa kupikwa nyumbani, vizazi kwa vizazi.

Hapa ndipo tunapomlaumu Timm. Katika kitabu chake bizari ni dawa. Bremer anasimulia kwamba aliwahi kula chakula chenye bizari safarini huko India, nacho kikampunguzia majonzi. Na mwishoni bizari hiyohiyo inamrudishia ladha. Lakini aliyempikia hana sura wala neno katika kisa. India imekuwa ghala la kutolea viungo vya kuwatibu Wajerumani huzuni ya vita walivyovianzisha wenyewe. Tungemsamehe mwandishi mwingine. Huyu ndiye aliyeandika Morenga mwaka 1978, riwaya inayohusu vita vya Wajerumani dhidi ya Wanama na Waherero katika nchi ambayo leo ni Namibia, naye anajua vizuri kuliko waandishi wengi wa kwao jinsi mali za ng'ambo zilivyofika Ulaya. Kwamba mjuzi kama huyo ameipitisha bizari mkononi mwake bila kuuliza habari za aliyeilima au kuisaga ni upungufu wa maudhui, si wa fani.

Kwa upande wa fani hatuna budi kumsifu. Kuchelewesha habari ya bizari mpaka karibu na mwisho kunamfanya msomaji naye awe na njaa. Anaingojea soseji kama msimulizi anavyoingojea. Vilevile mwandishi hakuficha ubaya wa mapenzi ya Lena. Katika kitabu Bremer hujaza chemshabongo kupitisha wakati, na miongoni mwa maneno yaliyomo ni Kalypso, yule mwanamke wa masimulizi ya Kiyunani aliyemzuia Odysseus asirudi kwake. Ishara hiyo ni ndogo, lakini inatosha. Lena anampa Bremer kitanda, joto na chakula, naye anamnyima habari. Wahenga walisema nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni. Timm anajibu kwamba pango ambalo mtu hajui kwamba mlango wake u wazi si nyumbani, hata akipikiwa humo kila siku. Kwa maoni yetu ndiyo sababu ulimi wa Bremer ulikufa pale alipofichwa, ukafufuka barabarani, alipokula kwa hiari yake akiwa mtu huru.

Hatuwezi kuutaja mji wa Hamburg bila kumkumbuka mtu mmoja wa kwetu. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alifika katika mji huohuo mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, kwa jina jipya la Emily Ruete. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, aliziandika kwanza kwa ajili ya watoto hao. Humo anaeleza kwa urefu jinsi chakula kilivyoandaliwa katika jumba la Mtoni, na jinsi watoto na wajukuu wa Seyyid Said walivyokaa kwa daraja zao. Msomaji wa haraka huziruka kurasa hizo akitafuta habari za siasa na za kutoroka. Tunadhani anakosea. Msimulizi wa Timm aliweza kupanda gari la moshi akaenda kula; Salme hakuwa na kibanda cha kukiendea. Alichoweza ni kuandaa meza ile juu ya karatasi, ili watoto wasioijua Unguja wapate walau kuisikia harufu yake. Tukivilinganisha vitabu hivi viwili tunaona kwamba orodha ya vyakula katika maandishi ya mtu aliye mbali si pambo. Mara nyingi ndiyo sehemu iliyoandikwa kwa uchungu mkubwa zaidi.

Haya yana maana gani kwetu tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani? Madarasani mwetu wamo watoto waliozaliwa kwingine, waliohamishwa na kazi za wazazi au kwa vita. Mtoto wa namna hiyo akifungua chakula alichofungiwa na mama yake, wenzake huziba pua, na mara nyingine mwalimu hucheka pamoja nao. Siku ya insha mtoto huyo hutuandikia habari za wali na kuku, chakula ambacho anadhani tunapenda kukisoma, akakificha kile anachokijua. Hasara inayotokea hapo ni ya binadamu na ni ya lugha pia, kwa sababu maneno yake ya kweli hayaingii daftarini.

Tunapendekeza basi zoezi moja. Kila mwanafunzi aandike juu ya chakula kimoja cha kwao, bila kutumia neno "kitamu". Aeleze ni nani aliyekipika, saa ngapi, kwa chombo gani; kila kiungo kinaitwaje nyumbani kwao na kinaitwaje hapa; na kwa kadiri awezavyo aulizie kilikotoka kabla ya kufika kwao. Tumpe alama kwa uhakika wa mambo aliyoyataja, tusimpe kwa wingi wa sifa. Akikosa neno la Kiswahili kwa kitu cha kwao, asiachwe akiache. Alitumie neno la kwao na kulieleza kwa Kiswahili, kisha darasa zima lijifunze. Kwa njia hiyo bizari, chapati na mahindi yalipata nafasi katika lugha yetu, na hatuoni sababu ya kuufunga mlango huo leo.

Kitabu cha Timm tunawashauri walimu wakisome wao wenyewe kwanza. Si cha watoto, kwa sababu ya mapenzi na vita vilivyomo. Wakisome wakiwa na swali ambalo mwandishi hakuliuliza: ni nani aliyeisaga bizari ile?