Kanuni za Kuandika Msimbo wa Linux

Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, huandikwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Mwongozo wao wa uandishi ni hati fupi inayokaa pamoja na msimbo wenyewe. Haina urasmi mwingi: mwanzoni tu humshauri msomaji achapishe kanuni za mradi wa GNU, asizisome, kisha azichome moto.

Kanuni ya kwanza ndiyo inayozua ubishi zaidi. Kila ngazi ya msimbo husogezwa kulia kwa kitufe cha Tab, kwa upana wa herufi 8. Waliozoea herufi 4 hulalamika kwamba mistari inakimbilia ukingoni upesi mno. Hilo ndilo linalokusudiwa. Msimbo unaohitaji zaidi ya ngazi 3 umeshavurugika, na dawa yake ni kuugawa. Urefu wa mstari unaopendelewa ni herufi 80, ingawa mwaka 2020 programu ya ukaguzi, checkpatch.pl, ililegezwa ianze kuonya kwenye herufi 100.

Mabano hufuata desturi ya Kernighan na Ritchie: bano la kufungua hukaa mwisho wa mstari, isipokuwa la funksheni, ambalo hushuka mstari wa chini. Majina ya ndani huwa mafupi. Kihesabio kikiitwa i kinatosha.

Palipo na busara kubwa zaidi ni kwenye goto, amri ambayo walimu wengi huwakataza wanafunzi wao. Funksheni inayoomba kumbukumbu mara mbili, kwa mfano kwanza ya foo na kisha ya foo->bar iliyo ndani yake, ikikwama njiani hulazimika kurudisha ilichokwisha kuchukua. Kurudia usafishaji huo kila mahali hitilafu inapoweza kutokea hualika makosa, kwa hiyo goto hupeleka kazi kwenye njia moja ya kutokea, mwishoni mwa funksheni, inayotambulishwa kwa lebo. Lakini lebo moja ya err haitoshi. Ombi la kwanza likishindikana, foo ni tupu, na kujaribu kuachilia foo->bar huleta hitilafu mpya. Hivyo huwekwa lebo mbili: ya kwanza huachilia bar, ya pili huachilia foo, na msimbo hutiririka kutoka ile hadi hii. Lebo hupewa jina la kazi yake, kama out_free_buffer. Err1 na err2 hazitakiwi.

Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo yanayotumwa kwa mradi, hubeba badiliko moja tu, pamoja na maelezo ya sababu yake. Tangu 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM kuhusu asili ya msimbo, kila kiraka huwa na mstari wa Signed-off-by, ambao kwa huo mtumaji huthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo.